Fremu ya resi ya zamani inapokataa vifaa: dalili, chanzo na dawa yake

Fremu ya chuma ya baiskeli ya resi ya miaka ya 70 au 80 ikifika Dar es Salaam, mara nyingi inafika kwenye mzigo wa mitumba kutoka Japani au Ulaya, ikiwa imevuliwa nusu ya vifaa vyake. Imebaki na uma wa mbele, pengine krenki (mkono wa pedeli) moja, na rangi ambayo ukiifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa unabaki umesimama unaitazama. Unainunua. Kisha unakwenda Kariakoo kutafuta vifaa, na hapo ndipo taabu inapoanza.

Nimejenga baiskeli za namna hii kwa miaka, zangu na za jamaa, na matatizo ninayoletewa karibu yote yana chanzo kimoja: kifaa kilinunuliwa kabla ya fremu kupimwa. Fremu hizi zilitengenezwa wakati kila nchi ina vipimo vyake. Mwingereza alikuwa na hesi yake (meno ya skrubu), Mfaransa yake, Mwitaliano yake, na Mjapani naye akawa na vipimo vyake vya shingo. Tofauti inaweza kuwa nusu milimita au chini ya hapo. Macho hayaioni, lakini ukishakaza utaisikia.

Kwa hiyo shika vernia kwanza, ile rula yenye taya mbili ya kupimia unene, pesa baadaye. Ongeza rula ya chuma, tochi, uzi imara wa mita tatu na daftari. Kila namba iandike.

Kabla ya hata nati moja

Toa fremu nje, kwenye jua. Pitisha kidole chini ya bomba la juu na chini ya bomba la chini, sentimita chache nyuma ya shingo. Kidole kikipanda kwenye mwinuko, au rangi ikiwa imekunjamana pale, baiskeli hiyo iligonga kitu kwa mbele. Angalia ufa kuzunguka masikio ya nyuma, yale yanayoshika ekseli ya gurudumu, na kwenye maungio ya chini, kwenye pedeli. Mstari wa kutu mwembamba kama unywele unaotokea tena baada ya kuufuta ni ufa, hata kama muuzaji atakuambia ni mkwaruzo. Fremu yenye ufa iache.

Halafu uzi. Ufunge kwenye sikio la kushoto la nyuma, uupitishe mbele ya bomba la shingo, uurudishe kwenye sikio la kulia, uukaze. Pima kutoka kwenye uzi hadi bomba la kiti, upande huu na ule. Pande zikitofautiana kwa milimita moja au mbili unaweza kuendelea. Zikizidi hapo, sehemu ya nyuma imepinda, na gia hazitatulia hata ununue vifaa vya bei gani, mpaka inyooshwe.

Kikombe cha ekseli ya pedeli kinaanza kuingia, kisha kinagoma

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo fremu nyingi zinapouawa.

Fremu yangu ya kwanza ya Kifaransa ilikuwa Peugeot. Nilinunua seti ya ekseli ya pedeli dukani, nikaambiwa hizi zote ni saizi moja. Kikombe cha kushoto kiliingia kwa mkono mizunguko mitatu, safi kabisa, kisha kikawa kigumu. Nikadhani ni kutu ya zamani. Nikatia mafuta, nikachomeka bomba kwenye mkia wa spana ili nipate nguvu, nikasukuma. Chuma kililia. Nilipokitoa kikombe, kwenye grisi kulikuwa na nyuzi nyembamba zinazong'aa, kama unywele wa fedha. Ilikuwa hesi ya fremu yangu.

Niliibeba fremu hadi Gerezani kwa fundi mmoja mzee wa kukereza chuma. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaichukua bila kuuliza. Alipitisha ukucha ndani ya hesi, akaikaribisha kwenye mwanga, kisha akatoa kipimo cha hesi, kile kinachofanana na vichana vidogo vya chuma vilivyofungwa pamoja. Akaweka kichana cha meno 24 kwa inchi, kikayumba. Akaweka cha milimita moja, kikakaa kimya.

"Hii ni ya milimita, mwanangu," akasema. "Wewe umeipa ya inchi."

Ndivyo ilivyokuwa. Vipimo vya kukumbuka ni hivi. Fremu ya Kiingereza, na za Kijapani karibu zote, nyumba ya ekseli, yaani bomba fupi inamokaa ekseli ya pedeli, ina upana wa milimita 68 na hesi ya inchi 1.37 yenye meno 24 kwa inchi, na kikombe cha kulia kinakazwa kinyume, yaani kuelekea kushoto. Ya Kiitaliano ina upana wa milimita 70, kipenyo cha milimita 36, meno 24 kwa inchi, na vikombe vyote viwili vinakazwa kawaida. Ya Kifaransa ina upana wa 68 kama ya Kiingereza, ila hesi ni milimita 35 kwa hatua ya milimita moja, na vyote vinakazwa kawaida. Iko ya Kiswisi pia, ambayo ni ile ya Kifaransa lakini kikombe cha kulia kimegeuzwa. Na Raleigh walikuwa na yao, meno 26 kwa inchi, kwenye baiskeli zao nyingi za kawaida.

Sasa utaona kwa nini nilidanganyika. Inchi 1.37 ni milimita 34.8. Hiyo ni pungufu ya 35 kwa upana wa karatasi tu, kwa hiyo kikombe cha Kiingereza kinaingia kwenye fremu ya Kifaransa mizunguko michache ya mwanzo. Meno ya inchi yamepishana kidogo na ya milimita, na kila mzunguko yanazidi kupishana, mpaka yanaanza kulana.

Kwa hiyo, kikombe kikianza kukaza kabla hakijafika nusu, simama. Kitoe. Safisha hesi kwa brashi na mafuta ya taa, ujaribu tena kwa vidole peke yake. Kikigoma pale pale, tatizo ni kipimo. Kama kikombe cha zamani bado unacho, kiangalie usoni: vingi vimechongwa namba, kama 1.37 x 24, au 36 x 24, au 35 x 1. Hiyo ndiyo sababu nawaomba watu wasitupe kifaa chochote cha zamani mpaka kipya kimekaa.

Hesi ikishaharibika, zipo njia mbili. Kuna seti za ekseli zisizotumia hesi, ambazo zinajibana zenyewe ndani ya nyumba kutoka pande mbili. Hizi ni mkombozi wa fremu za Kifaransa, ila lazima uziagize. Njia nyingine ni kupanua nyumba na kukata hesi mpya ya Kiitaliano ya milimita 36. Hii ni ya mwisho, kwa sababu haina kurudi nyuma, na inahitaji mtu mwenye chombo chenyewe.

Krenki imekaa, lakini cheni inasugua kila mahali

Hesi imekubali, ekseli inazunguka vizuri, lakini spoketi ya mbele imekaa mbali mno na fremu, au inakaribia kuikwaruza. Chanzo ni urefu wa ekseli. Kwa krenki ya resi yenye spoketi mbili, katikati ya hizo spoketi panatakiwa pawe kama milimita 43.5 kutoka katikati ya bomba la kiti. Bomba la kiti la kawaida lina unene wa milimita 28.6, nusu yake ni 14.3, kwa hiyo ukipima kutoka kwenye uso wa bomba hadi katikati ya spoketi mbili unatafuta kama milimita 29. Ukipata 35, ekseli ni ndefu. Zinauzwa kwa urefu tofauti: 107, 110, 113, 115 na kuendelea.

Kuna mtego mwingine hapo. Ncha za mraba za ekseli zina namna mbili, ya Kijapani na ile ya Campagnolo, watengenezaji wa Kiitaliano, na Wazungu wengi. Krenki ya Campagnolo kwenye ekseli ya Kijapani inasimama nje kwa kama milimita nne na nusu zaidi. Ukigeuza, krenki ya Kijapani kwenye ekseli ya Campagnolo inazama ndani mno na inaweza kugota mwisho kabla haijabana. Ikigota namna hiyo italegea kila siku hata ukaze vipi.

Nguzo ya kiti inazama, au haitoki kabisa

Nguzo inayozama polepole ukiwa njiani, kila mtu anadhani boliti ya kubana imelegea. Anaikaza, anaikaza tena, mpaka vile vidole viwili vya fremu vinavyobana vinagusana, au kimoja kinakatika. Pima nguzo. Saizi za nguzo zinapishana kwa milimita 0.2 tu: 26.4, 26.6, 26.8, 27.0, 27.2. Fremu nzuri za mabomba ya Reynolds 531, chuma chepesi cha Kiingereza, yaliyopunguzwa unene katikati nyingi zinachukua 27.2, na za mabomba mazito ya bei nafuu zinachukua chini ya hapo. (Ukipita sokoni na vernia, nguzo ya 27.2 iliyokaa sawasawa ni dalili nzuri kwamba fremu ilijengwa kwa chuma chepesi.) Kwa nguzo iliyopungua 0.2, kipande cha kopo la soda kilichozungushwa mara moja kinajaza pengo, kwa kuwa bati lile lina unene wa karibu 0.1 kila upande. Kinasaidia kufika nyumbani. Nguzo sahihi ndiyo dawa.

Nguzo iliyoganda ni ugonjwa wa mji wetu hasa. Alumini ikikaa ndani ya chuma, pakapita unyevu wenye chumvi, alumini inaoza na uozo wake ni unga mweupe unaovimba na kujibana kila upande. Baiskeli iliyolala miaka Msasani au Kigamboni, ikipigwa na upepo wa bahari kila jioni, karibu lazima iwe hivyo. Na nyingine zinatoka kwao zikiwa tayari zimeganda.

Usianze kwa nyundo. Toa boliti ya kubana, mimina mafuta ya kufungulia kutu pale juu, kisha geuza fremu miguu juu na umimine tena kupitia nyumba ya ekseli ya pedeli, ili yaingie kwa chini. Acha siku tatu, nne, kila siku ukiongeza. Kisha bana kichwa cha nguzo kwenye vaisi nzito iliyofungwa mezani, ushike fremu yenyewe kama mkono wa spana na uizungushe taratibu, mbele kidogo, nyuma kidogo. Ukisikia mlio mkavu kama wa kijiti kinachovunjika, umefaulu. Endelea kwenda mbele na nyuma, usivute kwa pupa.

Watu wanapenda kuchoma moto. Kumbuka alumini inatanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo ukichoma vyote pamoja unazidi kubana. Kinachosaidia ni baridi: jaza barafu ndani ya nguzo, alumini isinyae. Vyote vikishindikana, nguzo inakatwa na kipande kinachobaki kinayeyushwa kwa kostiki soda, ile ya kutengenezea sabuni. Inakula alumini na kuacha chuma. Lakini inachoma ngozi na macho na inatoa hewa inayowaka, kwa hiyo fanya kazi hiyo nje, na glovu na miwani, mbali na moto na watoto. Rangi ya fremu nayo itaumia.

Ukifanikiwa, paka grisi nguzo mpya kabla ya kuingiza, na kila baada ya miezi michache itoe, uifute, upake tena. Kwa Dar hili ni la lazima. Shingo ya usukani nayo ni alumini ndani ya chuma, inataka hivyo hivyo.

Usukani unagonga ukishika breki, au unajinyoosha wenyewe

Shika breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma, huku vidole vikiwa vimegusa mahali uma unapokutana na shingo. Mchezo ukiupata, kaza kikombe cha juu. Ukikaza mpaka usukani unakuwa mgumu na mchezo bado upo, acha kukaza na ufungue.

Angalia pete ya chini, ile inayokaa juu ya uma. Fremu nyingi za Kijapani zina kiti cha pete chenye milimita 27.0, na za Ulaya 26.4. Pete ya 27.0 ukiiweka kwenye uma wa 26.4 inaingia kwa mkono bila kugongwa. Utafurahi, lakini ndiyo inayogonga. Kinyume chake, pete ya 26.4 kwenye uma wa 27.0 haiingii, na nimeona pete zilizopasuka kwa kulazimishwa. Uma unaweza kukerezwa kutoka 27.0 hadi 26.4, wa 26.4 hauwezi kuongezwa. Vikombe vinavyoingia kwenye bomba la shingo vina tofauti pia, 30.0 kwa Kijapani na 30.2 kwa Ulaya, na kikombe kinachoingia kwa kusukuma na kidole gumba hakifai.

Usukani unaojinyoosha na kujikita katikati kama una tundu la kukaa umekufa kwa namna nyingine: gololi zimechimba mashimo kwenye njia yake. Kubadilisha gololi peke yake hakutatibu. Ipo njia ya kupunguza: toa ile pete inayoshika gololi, ujaze gololi huru, kwa kuwa idadi inabadilika na hazikai tena kwenye mashimo yale yale. Inakupa muda wa kutafuta seti.

Nati ya juu ikigoma, rudi kwenye somo la hesi. Ya kawaida ni inchi moja, meno 24. Baiskeli nyingi za Raleigh ni meno 26, na kipenyo ni kile kile, kwa hiyo nati itaanza na kukwama. Ya Kifaransa ni milimita 25 kwa moja. Shingo ya usukani ya kawaida ni milimita 22.2, ya Kifaransa 22.0, na hii ya mwisho unaweza kuipata kwa kuipiga msasa shingo ya 22.2 kwa uvumilivu.

Jambo moja la usalama: usukani wenye kiuno cha milimita 25.4 kwenye shingo yenye mbano wa 26.0 utazunguka siku utakayoegemea breki kwa nguvu. Usiuvalishe bati. Tafuta unaolingana.

Tairi inaingia kwa ulaini wa ajabu, kisha inaruka ukijaza upepo

Kwenye magurudumu, namba kubwa zilizoandikwa ubavuni mwa tairi zinadanganya. Soma namba ndogo, yenye kistari, kama 28-622. Ile ya pili ni kipenyo cha ringi kwa milimita pale tairi linapokaa, na hiyo haidanganyi.

Ringi ya 700C ni 622. Ile ya resi ya zamani ya "inchi 27", yaani 27 x 1 1/4, ni 630. Tairi la 630 kwenye ringi ya 622 linavaa kwa vidole viwili, halafu likijaa linatoka upande mmoja na tyubu inapasuka usoni mwako. Tairi la 622 kwenye ringi ya 630 halivai hata uvunje vijiti vitatu. Sasa ongeza za kwetu: Phoenix na Raleigh za kubebea mizigo, zile za 28 x 1 1/2, ni 635. Na baiskeli za mama za Kijapani zinazoshushwa kwenye makontena zina tairi lililoandikwa 27 x 1 3/8, ambalo ni 609. Namba ya inchi inakaribia kufanana na ile ya resi, kipenyo kinapishana kwa milimita 21. Nimeona kijana kanunua jozi nzima Jumamosi, akarudi Jumatatu hana wa kumrudishia.

Nikipewa uchaguzi, fremu ya 630 naivalisha ringi za 622, kwa kuwa tairi za 622 zinapatikana kirahisi zaidi, na unapata nafasi ya tairi nene kidogo. Kwa barabara zetu usiweke tairi la upana wa milimita 23. Weka 28, au 32 kama uma na daraja la breki vinaruhusu, kwa sababu kati ya lami na nyumbani kwa wengi wetu kuna mchanga.

Bei ya uamuzi huo inalipwa kwenye breki. Kutoka 630 hadi 622 ni milimita 8 za kipenyo, kwa hiyo raba zinatakiwa zishuke milimita 4. Pima kutoka katikati ya tundu la breki kwenye uma hadi katikati ya ukuta wa ringi. Breki fupi za resi zinafika 39 hadi 49, za kati 47 hadi 57. Raba ikiwa imeshuka hadi mwisho wa mfereji wake na bado inagusa tairi, breki ni fupi, usiichonge, ibadilishe. Breki mpya zinakuja na nati ndefu inayozama ndani ya uma na kuhitaji tundu la milimita 8, huku fremu za zamani zina 6. Panua upande wa nyuma wa uma tu.

Gurudumu la nyuma haliingii kati ya masikio

Pima nafasi kati ya masikio kwa ndani. 120 ni ya gia tano za nyuma, 126 ya sita na saba, 130 ya nane na kuendelea. Gurudumu la 130 kwenye fremu ya chuma ya 126 unalitanulia kwa mikono, milimita mbili kila upande, basi. Kutoka 120 hadi 130 inabidi fremu itanuliwe na ibaki hivyo, upande mmoja mmoja, uzi ukiwa karibu kupima kila hatua, kisha masikio yarudishwe kuwa sambamba. Fremu ya alumini usiitanue kamwe. Zilikuwepo hata wakati ule, kama Vitus 979, na mabomba yake yameunganishwa kwa gundi.

Ekseli ya nyuma inayopinda au kukatika kila baada ya miezi michache mara nyingi si kosa la uzito wako. Habu (vitovu vya gurudumu) za zamani zinavaa frihwili, yaani rundo la gia za nyuma, ya kufungwa kwa hesi, na gololi za upande wa kulia zimekaa ndani mbali na sikio, kwa hiyo kipande kirefu cha ekseli kinaning'inia na kila shimo la barabarani linakipinda. Shimano, kampuni ya Kijapani, walianza habu za kaseti mwaka 1978, ambazo zinasogeza gololi nje karibu na sikio. Kama unaendesha kila siku Mbagala hadi mjini, nenda kwenye kaseti, hata kama mpenzi wa vitu vya asili atakulaumu.

Gia inarudi yenyewe ukisimama kwenye pedeli

Unapanda Kimara au Pugu, unasimama, cheni inadondoka kwenye gia ndogo. Kabla ya kugusa kitu kingine, kaza skrubu ya kile kijiti cha gia kwenye bomba la chini. Gia za kabla ya mwaka 1984, Shimano walipoleta Dura-Ace ya kubofya kwa hatua, zinashikiliwa na msuguano tu. Skrubu ikilegea, fremu inapojinyonga kidogo waya unavuta na gia inatoka. Zamu kidogo ya skrubu inatosha.

Kama cheni inaruka ukikanyaga kwa nguvu kwenye gia moja au mbili tu, meno ya hizo gia yameliwa, na kwa kawaida ni mara tu baada ya kuvalisha cheni mpya. Pima cheni kwa rula: pini 24 mbele ya pini ya kwanza panatakiwa kuwa inchi 12 kamili. Ikizidi kwa moja ya kumi na sita ya inchi, badili cheni. Ikizidi kwa moja ya nane, badili na gia pia.

Kama inahangaika kwenye gia zote, simama nyuma ya baiskeli, uchuchumae, utazame ile mikono ya direla ya nyuma, kifaa kinachohamisha cheni, kwa jicho moja. Ikiwa imeinama kuelekea kwenye spoku, sikio linaloishikilia limepinda. Chuma cha zamani kinanyooshwa bila taabu. Mara nyingi huu ndio ugonjwa, na watu wanabadilisha direla nzima bila sababu.

Na usichanganye cheni. Ya gia kumi kwenye frihwili ya gia tano itadumbukia kati ya gia na kujibana. Ya gia sita hadi nane inatosha kwa karibu kila fremu ninayoizungumzia hapa.

Tiki, tiki, tiki

Sauti moja kwa kila mzunguko wa pedeli. Acha kukanyaga, uteleze. Ikiendelea, iko kwenye magurudumu: spoku iliyolegea, au koni ya habu. Ikinyamaza, simama ukanyage. Ikinyamaza ulipoinuka kwenye siti, ni nguzo au siti yenyewe. Ikiendelea, kanyaga kwa mguu mmoja, kisha mwingine. Ukipata upande, anza na pedeli: itoe, futa hesi, paka grisi, irudishe. Ya kushoto inafunguka kinyume. Kisha boliti za spoketi ya mbele, kisha boliti ya krenki.

Krenki ya alumini iliyolegea usiiendeshe hata mita mia. Tundu lake la mraba linaliwa na ekseli ya chuma na likishakuwa mviringo halirudi. Krenki za chuma za kotapini, zile zinazobanwa kwa pini ya pembeni, zinagonga kwa mguso mzito zaidi, mguuni unausikia. Pini za Kiingereza ni milimita 9.5, nyingine ni 9. Chukua ile ya zamani dukani na upime, usikubali kuambiwa inaingia.

Ukiwa umefungua ekseli au habu, weka gololi mpya zote, usichanganye. Ekseli ya pedeli inachukua 11 za robo inchi kila upande, habu ya nyuma 9 za robo inchi, ya mbele 10 za inchi 3/16. Zikipangwa zinabaki na nafasi ndogo isiyotosha gololi nyingine. Ukijaza mpaka zinabanana zitasagana.

Wakati wa masika, ukishavuka maji yaliyofika kwenye pedeli, usiingize baiskeli ndani ukaisahau. Toa nguzo ya kiti, geuza fremu kichwa chini juu ya ngazi au kiti, uiache mpaka asubuhi. Maji yatakayotoka kwenye bomba la kiti yatakuwa na rangi ya chai.